Ghuba Iliyotazama Kusini

Majirani wa Gisozi, mtaa wa Kigali, walimjua Mukantwari kwa cherehani yake. Wachache walijua kwamba alikulia Rumonge, Burundi, katika mashua ya mizigo ya baba yake, na kwamba Kigali alikuja kwa kuolewa.

Mwaka 1992 mumewe Damascène, seremala, aliitwa Cyangugu, kusini mwa Ziwa Kivu, kuunda mashua ya zahanati moja ya Kibuye, mji ulio kaskazini zaidi ufukoni. Petroli ilikuwa adimu tangu vita vianze kaskazini, kwa hiyo mashua iliwekewa tanga. Ilipokamilika, nahodha aliyeahidiwa hakutokea. Mukantwari, aliyekuwa amekuja kumtembelea mumewe, akasema ataipeleka yeye. Damascène hakumwamini, lakini hakukubali aende peke yake.

Siku ya pili ya safari, walipokuwa wakipita kandokando ya ufuko wa Kivu, mawingu mazito yalijikusanya nyuma yao, upande wa kusini. Damascène alikuwa akitapika tangu asubuhi. Alipoona ghuba yenye mchanga na nyumba ufukweni, alitaka watie nanga hapo hapo. Mukantwari alimweleza kuwa mdomo wa ghuba ile unatazama kusini, upepo ukija utaingia moja kwa moja. Damascène akauliza mbona maji yametulia. Mukantwari aliitazama midomo ya mumewe iliyokauka, akageuza usukani kuelekea ghubani.

Wakatia nanga, na hawajamaliza kukunja tanga, dhoruba ikafika. Mawimbi yaliingia yakiandamana. Mukantwari alikazia macho mgomba mmoja uliosimama mstari mmoja na pembe ya nyumba. Punde mgomba ukaanza kuiacha ile pembe. Nanga ilikuwa ikiburuzika juu ya mawe, na mashua ilirudi nyuma kuelekea miamba.

"Baba Annick," Mukantwari alimwambia mumewe, "kata kamba."

"Tuna nanga hii moja tu."

"Na mashua ni hii moja. Kata."

Damascène akakata kwa panga. Mukantwari alipandisha nusu ya tanga, wakaipita rasi karibu mno hata Damascène akalisukuma jiwe kwa kasia, na kasia likavunjika. Ng'ambo ya rasi palikuwa na kisiwa kidogo, na nyuma ya kisiwa maji yalikuwa shwari. Nanga hawakuwa nayo, lakini ukingo wa kisiwa ulishuka wima, maji yakiwa na kina kirefu hadi kwenye mizizi ya miti. Mukantwari aliisogeza mashua mpaka chini ya matawi, wakaifunga mitini, mbele na nyuma.

Kisha aliketi kwenye maji yaliyojaa ndani ya mashua, akalia kwa hasira, kwa kuwa alijua ile ghuba ni mbaya na bado aliingia.

"Humura," alisema mumewe, akimtuliza.

Walipofika Kibuye, wauguzi walimwomba Mukantwari aendeshe mashua mpaka apatikane nahodha mwingine. Damascène alingoja akatae. Hakukataa.

Seremala alirudi Kigali kwa basi, peke yake. Wanawake walipoleta vitambaa vyao Gisozi, aliwaambia mkewe yuko ziwani, kazini. Walipouliza atarudi lini, alisema hajui, akawakaribisha wakae.