Mabega ya Kumbeba Mheshimiwa

Nilimchukia kabla sijamwona, na sababu ilikuwa kazi yake. Binti yake aliponihoji kule The Pearl, mtaa wa kisiwani hapa Doha, kwenye sebule iliyotazama mashua za matajiri, aliniambia baba yake alikuwa mbunge kwao Ayalandi kwa miaka mingi, kwamba kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja, na kwamba sasa hakuweza kuachwa peke yake. Moyoni nikasema, haya basi, nimewakimbia wabunge Kenya nije kumwogesha mmoja Doha.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea nyumbani, nikapata cheti, nikakaa. Zahanati ya kijijini kwetu ilikuwa na jengo zuri lenye milango ya buluu na kitanda cha kuzalishia, ila muuguzi hakuwepo, kwa sababu serikali ilisema haina uwezo wa kuajiri. Nilikuwa nikipita mbele ya milango ile iliyofungwa nikienda sokoni, nikiwaona akina mama wamekaa kwenye ngazi na watoto wenye homa, wakingoja mtu ambaye hakuwa ameajiriwa. Mtu huyo alikuwa mimi. Hasira hiyo nilipanda nayo ndege, na yeyote aliyewahi kukalia kiti cha bunge, la kwetu au la kwingine, ilimhusu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilimwita Mheshimiwa, kwa kejeli. Akauliza maana yake. Nikamwambia hivyo ndivyo tunavyowaita wabunge kwetu, hata wale wasiostahili heshima yoyote. Alicheka mpaka akakohoa, na jina likabaki hapo.

Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Kila siku, saa ambayo kwao bado ni asubuhi, alitaka nimfungulie redio ya mji wao kwenye simu ya binti yake, asikilize matangazo ya vifo. Aliinamisha kichwa. Kila jina likitajwa alinieleza ni nani, alikaa barabara gani, baba yake alifuga nini. Kisha aliwapa pole wafiwa, kana kwamba wanamsikia, na nilijua kinachomuuma: mazishi yatafanyika na yeye hatakuwepo.

Kwao, alinieleza, mbunge huenda mazishi yote ya jimbo lake, mvua inyeshe isinyeshe, marehemu awe maskini au tajiri. Unapanga foleni kama wengine, unamshika mfiwa mkono, unasema, "Pole kwa yaliyokupata," unasonga. Basi. Ukiongeza neno, umejitafutia kura kwenye machozi ya watu, na watu wanakuona. Nikamwambia kwetu pia mbunge hakosi mazishi, ila huja na msafara na kudai maiki, na marehemu husubiri hadi wapinzani watukanwe wote. Alinitazama kama mtu aliyesikia nakula mawe.

"Anaongea? Jeneza likiwa hapo?"

"Mpaka chakula kinapoa," nikamjibu.

Siasa ndiyo ilikuwa damu yake. Nikimwosha mguu ule mlegevu alikuwa bungeni. Alinisimulia jinsi alivyosimama miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati nchi yao imelewa utajiri, akauliza nyumba zote hizi zinazojengwa kwenye mashamba zitakaliwa na nani, na mikopo hii italipwa na nani, na kwa nini taifa linalea watoto kama ndama wa kuuza ng'ambo. Wenzake walimcheka. Kisha mambo yakaporomoka, nyumba zikabaki tupu, vijana wakaondoka. Kuwa kwake sahihi hakukumsaidia yeyote, na uchaguzi uliofuata alianguka vibaya. Hata hivyo aliendelea kuandaa hotuba kana kwamba kikao ni kesho: kuhusu kodi za nyumba, kuhusu basi lililoondolewa kijijini, kuhusu wazee wanaokaa peke yao na baridi. Mimi nikikoroga uji nilikuwa upinzani. Nilimkatiza nikimuuliza fedha hizo Mheshimiwa anazitoa wapi, naye uso ulimng'aa. Sijui lini niliacha kumchukia. Nadhani ilikuwa kwenye uji.

Jambo moja tu hakulizungumzia, nalo nililisikia kwa binti, jikoni, kwa sauti ya chini. Katika mji wao palikuwa na hospitali ndogo ya wazee, mahali ambapo watu walimalizia siku zao karibu na majirani. Mheshimiwa alikuwa ameitetea maisha yake yote. Ilifungwa nchi ilipoishiwa. Mama yake binti alikufa mbali, katika hospitali ya mji mkubwa, amelazwa kwenye korido. Na sasa kila wiki mzee aliuliza anarudishwa lini nyumbani, na kila wiki binti hakuwa na jibu. Nyumba yao ni ya ngazi, kaka zake wawili wako Australia na Kanada, kitanda katika nyumba ya wazee hakipatikani wilaya nzima, na kazi yake ya uhandisi iko hapa. Aliniuliza angefanya nini. Alikuwa akilia huku akikausha sahani ambayo tayari ilikuwa kavu. Nilimwonea huruma, na nilimwonea mzee huruma zaidi, kwa sababu hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kurudi.

Kisha akafa mlinzi wa lango letu. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Kakamega, mpole, ambaye kila tulipotoka na kiti cha magurudumu alimuuliza Mheshimiwa amelalaje. Wenzake walimkuta asubuhi amefia usingizini katika chumba chao huko Al Rayyan, upande mwingine wa jiji. Nilipomwambia Mheshimiwa, aliuliza tunaenda lini.

Nikamfafanulia kwamba hakuna mazishi. Mwili uko hospitali hadi uruhusiwe kusafirishwa. Watu watakutana tu chumbani, waombe, wachangie safari ya marehemu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema aliuliza lini.

Tulienda Ijumaa kwa teksi. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami, naye alivaa suti nyeusi na tai, akakataa hata kulegeza kifungo. Ilikuwa moja ya zile nyumba kubwa zilizokatwakatwa vyumba vya wafanyakazi, viatu vimerundikana mlangoni, AC inanguruma bila kupoza, viti vya plastiki, chai, mandazi. Mheshimiwa aliuliza wafiwa ni akina nani. Nikamwambia mama na mke wako nyumbani, hapa wako waliolala naye chumba kimoja tu. Basi nionyeshe hao, akasema. Alitaka asimame. Nikamshika kwapani, akawaendea wale walinzi mmoja mmoja, akawashika mkono, akawaambia pole kwa yaliyokupata. Wanaume wazima, ambao hakuna aliyekuwa amewapa pole kwa sababu pole zote zilitumwa nyumbani, waliinamisha nyuso.

Hapo ndipo nikaharibu. Mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana alinisogelea akaninong'oneza, "Sista, huyu mzungu ni nani?" Nami bila kufikiri nikamjibu ni mheshimiwa, alikuwa mbunge kwao. Kwa Mkenya hilo linatosha. Mheshimiwa akiwa matangani na asipewe nafasi, umemtusi. Mwenyekiti akachukua maiki ya spika ndogo iliyoazimwa kanisani, akatangaza kwamba leo tumebarikiwa, tuna mheshimiwa kati yetu, atatusalimia kidogo. Watu wakajipanga vizuri kwenye viti, wakishusha pumzi kama wanaojua itakuwa ndefu.

Nilipomtafsiria, Mheshimiwa alibadilika rangi. Alisema maisha yake yote hajawahi kufungua kinywa kwenye msiba. Nikamwambia nitawaeleza umechoka. Lakini maiki ilikuwa tayari mkononi mwake, na chumba kizima kilikuwa kikimngoja.

Alisema maneno machache, nami nikayatafsiri nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

"Kwetu mbunge hasemi msibani, mnisamehe. Mtu huyu alinisalimia kila siku kama baba yake. Hakupaswa kuja kufia mbali na kwao ili watoto wake wale. Mimi nilikaa miaka mingi katika nyumba inayoamua nani atabaki kwao na nani ataondoka, na nilisema vizuri sana. Siku ya kufunga hospitali ya mji wangu, chama changu kiliagiza tupige kura ya ndiyo, nikapiga. Sasa na mimi siwezi kurudi."

Alimrudishia mwenyekiti maiki kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja Mganda, anayefanya kazi hotelini Al Sadd, alisema tu, "Asante kwa kusema ukweli, mzee," na chai ikaanza kumiminwa.

Mimi sikuinywa. Nilikuwa nimemsikia mbunge akikiri, kitu ambacho kwetu sikuwahi kukisikia, na sikufurahi hata kidogo. Nilitamani asingekuwa amepiga kura ile, nipate kuendelea kumpenda bila shida.

Kwenye teksi alisema ameharibu matanga ya watu. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyemtia kwenye jambo hilo. Karibu na daraja la kuingilia The Pearl akaniuliza ile zahanati ya kwetu, ambayo nilikuwa nimemsimulia mara nyingi nikimchokoza, muuguzi wake sasa ni nani.

"Hakuna, Mheshimiwa. Mimi niko hapa."

Alinishika mkono kwa ule mkono wake wenye nguvu, akasema pole kwa yaliyokupata. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kutoka kwake kila siku, akiwaambia watu wa redioni wasioweza kumsikia. Nililia mpaka dereva akapunguza muziki.

Tangu hapo hakukosa matanga. Wakenya, Waganda, yeyote aliyefariki, vijana walinipigia simu kuuliza kama Mheshimiwa anakuja, na mwenyekiti alijifunza kuificha maiki. Alishika mikono, alisema neno lake, tulirudi. Kuhusu kurudi kwao hakuuliza tena. Binti aliona ni nafuu. Mimi niliona mtu ameacha kungoja.

Alifariki majira ya baridi, hapa hapa Doha, mimi na binti tukiwa kando ya kitanda. Kabla mwili haujasafirishwa, binti alifungua nyumba kwa ajili ya pole, akitarajia wenzake wa kazini. Mlinzi wa chini akapiga simu kuuliza kama kweli awaruhusu watu wote waliojaa pale kwenye lifti. Walipanda kwa makundi: walinzi, madereva, wasichana wa kazi za nyumbani, yule mama wa hotelini, wote katika nguo zao za Ijumaa. Hakuna aliyewapanga. Wenyewe walijipanga foleni kuanzia mlangoni, mwenyekiti mbele, na hakuna aliyehutubia. Kila mmoja alimshika binti mkono, akasema pole kwa yaliyokupata, akasonga. Binti aliniuliza sikioni hawa ni akina nani. Nikamwambia ni watu wa jimbo la baba yake.

Binti aliporudi kutoka kuzika alinipigia simu. Alisema kanisa lilikuwa la heshima, redio ilimtangaza vizuri, na gari lilisimama kidogo mbele ya ile hospitali iliyofungwa, kama desturi yao ilivyo kusimama mahali marehemu alipopapenda. Kwao, akasema, jeneza hubebwa mabegani na wana na majirani, kutoka kanisani hadi kaburini. Kaka mmoja tu ndiye aliyewahi kufika. Majirani waliobaki ni wazee wa rika la baba yake. Walijaribu kunyanyua, wakashindwa, na watu wa kampuni ya mazishi wakaliweka jeneza kwenye kigari cha magurudumu wakalisukuma.

"Hapakuwa na mabega," akasema.

Nilimpa neno lile lile la baba yake. Ilikuwa Ijumaa. Kule Al Rayyan, vijana wetu walikuwa wamelala baada ya zamu, chumba hadi chumba, wazima na wenye nguvu, na wangembeba.