Nishani za Bwana Rubani

Nilikuwa yaya katika shamba la kahawa nje ya Ruiru, na moja ya kazi zangu ilikuwa kusugua nishani za bwana. Alizipata katika vita vikuu vya pili vya dunia, alipokuwa rubani wa ndege za kivita. Ya kwanza alipewa kwa kuangusha ndege za adui. Ya pili alipewa kwa sababu ndege yake ilishika moto na hakuruka kwa mwavuli, kwa kuwa chini kulikuwa na mji. Aliirudisha mpaka nyumbani. Aliisimulia hadithi hiyo kila wageni walipokuja, nami nikipakua supu. Kiingereza kidogo nilikuwa nimejifunza misheni. Niliipenda hadithi hiyo, hata nikamsimulia kaka yangu.

Kisha Hali ya Hatari ikatangazwa. Kaka, aliyekuwa kibarua kiwandani Thika, akaingia msituni Nyandarua kupigana na serikali. Mama akahamishiwa kijiji kilichozungushiwa mtaro na miiba. Bwana naye akaitwa tena kurusha ndege, safari hii ndege ndogo ya kudondosha mabomu juu ya msitu uleule. Aliondoka kila Jumatatu na kurudi Jumamosi, akawabeba watoto mabegani. Shati lake lenye harufu ya petroli nililifua na kulianika mimi. Kuacha kazi sikuweza. Bila sahihi yake kwenye kipande changu, kile kitambulisho cha kazi, ningekamatwa, na mama alikula kwa mshahara wangu.

Vita vya msituni vilipopoa, serikali ikampa nishani nyingine kwa safari hizo. Memsaab, mke wa bwana, akaniletea pamoja na kitambaa.

"Hii pia, ayah."

Nikaisugua.

Kaka, aliyekuwa amekamatwa msituni, alirudi kutoka kizuizini amekonda. Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa, na la pili lilisikia ukipiga kelele tu. Alihitaji kazi ili aruhusiwe kukaa. Nikampeleka kwa bwana pale uani.

"Nani hii?" bwana akauliza kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Kaka yangu, bwana. Hasikii vizuri."

"Maskio yake nafanya nini?"

Kabla sijajibu, kaka akataka kujua ameulizwa nini, ikabidi nimpigie kelele sikioni kwa Kikuyu, mpishi na watoto wakitutazama.

"Mwambie ni mabomu," kaka akasema.

Nikasema. Bwana akakaa kwenye ngazi ya jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa.

"Uliza yeye, bomu naua watu mingi?"

"Si wengi," kaka akajibu. "Tulisikia mlio wa ndege mapema tukajificha kwenye mawe. Tembo na nyati ndio walioumia. Wakapata wazimu kwa maumivu, wakatukanyaga. Rafiki yangu alikufa hivyo, kwa nyati. Mwambie vizuri, usipunguze."

Sikupunguza.

"Sisi naambiwa watu mingi nakufa," bwana akasema. Akainuka. "Kesho yeye nakuja kazi."

Hakuomba radhi, wala hakumfukuza. Sikujua nishukuru au nilie.

Jumapili moja, siku ambayo wazungu waliwakumbuka watu wao waliokufa vitani, bwana alitoka amevaa nishani zote. Kaka alikuwa akimwagilia maua karibu na gari. Akamtazama kifuani.

"Ile mpya ni yetu?" akaniuliza kwa Kikuyu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe.

Nikamwitikia kwa kichwa.

Bwana hakujua Kikuyu, lakini aliona macho ya kaka yalikoelekea. Akaifunika kwa kiganja, akasimama hivyo mpaka memsaab alipopiga honi. Kisha akaingia garini, wakaenda kanisani, nishani bado iko palepale kifuani.

Bwana na kaka walikaa shamba moja misimu kadhaa ya kahawa, na sikuitwa tena kuwatafsiria. Kabla ya Uhuru bwana aliuza shamba akaenda kwao. Kaka alipata kiwanja Gitothua, akaoa, akazaa. Wanawe walijifunza kuongea naye kwa kupiga kelele, na majirani walidhani ile ni nyumba ya ugomvi.