Machozi ya Mapasa

Siku yangu ya kwanza ya kazi hapa Kamina, mkubwa wa wodi ya watoto alinikabidhi shuka. Akasema: "Mutoto akikufa, mufunike mbio, mutoshe. Mama yake asione." Basi, kufunika na kutosha, yaani kuondoa, ndiyo yote tuliyofundishwa juu ya kifo. Sindano ilikuwa na kitabu kizima!

Baadaye nilihamishiwa shule ya wauguzi, kufundisha. Tulikuwa tumeletewa ordinatere, yaani kompyuta, za kutumia umeme wa jua, na ndani yake somo la msiba. Mwanafunzi anamsikiliza mama aliyefiwa, anachagua la kumwambia, na mashine inamwonyesha alipokosea. Mkurugenzi alicheka, ati kifo hakifundishwi kwa kubonyeza. Nikamjibu kwamba hata kwa kunyamaza hakijafundishwa.

Ndipo mwanafunzi wangu Odette akaharibu. Wodini alikufa Kyungu, mmoja wa mapasa, yaani mapacha, akabaki mwenzake Kabange. Odette akamshika mama mkono, akamwambia kama mashine ilivyosema: lia, mama, lia. Ole wake! Kwetu pasa mmoja akiondoka hatulii, machozi yanamwita mwenzake aliyebaki. Nkambo, bibi wa watoto wale, alimfukuza Odette mbele ya wagonjwa wote.

Mkurugenzi akaniita. "Mama Agnès, ile somo utoshe leo."

"Sitaitosha, Mukubwa. Inakosa kintu moya, na ule nkambo njo iko nayo."

Kusikia kwamba kinachokosekana anacho bibi yule, akanitishia uhamisho wa kwenda Malemba-Nkulu, mbali na mji. Nikamwambia nitakwenda, na somo nitakwenda nalo.

Nikaenda kwa nkambo, Odette nyuma yangu. Alituacha tumesimama mlangoni, na ilikuwa haki yake. Tuliomba msamaha, kisha nikamwomba nirekodi sauti yake, ili mama mwingine asikosewe. Mwishowe akamwambia Odette aketi, akasema kwenye simu yangu:

"Mbele ya kusema lia, uliza kwanza: kwenu banafanyaka namna gani? Na Kabange mwenye kubakia, ukimusalimia, usalimie na Kyungu."

Sauti hiyo niliitia katika somo bila kuomba ruhusa. Uhamisho haukuja. Nilistaafu somo likiwa palepale, na anayeona ni upuuzi aje aniambie usoni.

Juzi nilipita wodini. Odette sasa ndiye mkubwa wa wodi. Kulikuwa na mama mmoja amepakata mtoto wake aliyekufa, shuka limefunuliwa usoni. Odette aliketi kando yake, akamuuliza polepole: "Mama, kwenu banafanyaka namna gani?"

Hakuna aliyekuwa na haraka.