Nyuki wamevamia vifurushi vyangu vya baridi

Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Mnavijua vile vifurushi vyangu vya zawadi za msimu wa baridi: soksi nzito, mafuta ya mgando, sabuni, majani ya chai na asali ya Kibondo.

Jana Mwalimu Rehema, mteja wangu aliyehamia hapa Kasulu kutoka Tanga, aliionja ile asali akaniuliza, "Dada, hii si sukari ya kuchemsha kweli?"

Iliniuma.

Kwa hiyo leo asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda, niliweka kipande cha sega juu ya kila kifurushi, watu waone wenyewe kuwa imetoka mzingani. Nikavipanga kwenye dirisha la duka.

Saa tano jua likatoka.

Alianza nyuki mmoja, nikamfukuza kwa kanga. Kugeuka hivi, dirisha lote jeusi, linavuma.

Wameshaniuma mara tatu, jicho moja linaziba. Stoo haina mlango wa nyuma. Upenyo wa chini ya mlango nimeuziba kwa soksi za wateja.

Na sasa hivi namsikia Mwalimu Rehema akipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara:

"Dada, nimeamini. Niwekee viwili."

Wenye mizinga, mtacheka baadaye. Njooni na moshi.