Kumfunza Mbwa Asirukie Watu

Sikuwahi kutaka mbwa. Nalisema hilo mapema kwa wale wanaodhani nilikuwa mwehu. Mume wangu alikuwa akikata miwa Ramisi, haonekani nyumbani Kikoneni ila mara moja moja, na mimi na mavyaa wangu, mamake, tukabaki na shamba la mihogo ambalo nguruwe mwitu walilifanya lao. Tulikuwa tukila walichobakisha wao. Basi siku moja mume wangu akaja na kijibwa ndani ya kapu, akasema kitatulindia shamba. Mavyaa akaruka: "Toba! Mbwa kwangu?" Lakini njaa nayo ina maneno yake, akanyamaza.

Na kulinda alilinda. Alipokua, nguruwe walihama. Tatizo likawa watu. Mbwa yule alipenda watu, wallahi sijaona mfano wake. Akimwona mtu njiani anatoka mbio, anamtia miguu kifuani, ulimi nje, mate yanachuruzika. Nasi ni Waislamu, mate ya mbwa kwetu si mzaha: yakikugusa, uoshe pale mahali mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo uende kuswali. Kwa hiyo watu wakimwona tu wanapandisha nguo, wanapiga mayowe, wanatimua mbio. Naye maskini akadhani ni mchezo. Mji mzima unacheza naye! Kadiri walivyomkimbia ndivyo alivyozidi kuwarukia.

Nikaamua kumfunza. Nilivaa kanga kuukuu ya shambani, nikawa kila akinijia nasimama kama nguzo, nakunja mikono, namgeuzia mgongo, sisemi neno. Akichoka akaketi, namtupia kipande cha ng'onda. Akiinuka tu, mgongo tena. Kichwa chake kilikuwa kigumu, lakini na mimi changu si laini. Mwishowe akaelewa. Akawa anakuja mbio, anasimama ghafla, anaketi kitako akingoja samaki wake.

Lakini hayo ni kwangu mimi. Kwa wengine je? Nilimsihi mavyaa, "Mama, usimkimbie. Simama tu, mpe mgongo."

"Nisimame nilambwe, na udhu wangu? Simama wewe!"

Nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akipita kando ya ua wetu kwenda msikitini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, nikamweleza shida yangu.

"Mwanangu," akasema, "kwa umri wangu huu nikafundishwe kusimama mbele ya mbwa? Mfunge."

Nimfunge! Nikimfunga, nguruwe hao shambani. Nikimwachia, natukanwa. Maji yalinifika shingoni, na hakuna aliyeona kuwa wao wenyewe ndio waliokuwa wakimfundisha kuruka, kila siku, kwa mbio zao.

Ikaja Ijumaa moja, mvua imenyesha asubuhi, njia tope tupu. Mwalimu ndiye aliyekuwa akihutubu. Nikamwona akija na kanzu nyeupe pe, na mbwa naye kamwona. Nikapiga ukelele, "Mwalimu, simama! Simama, kwa ajili ya Mungu!"

Akasimama. Kweli alisimama. Mbwa akapunguza mbio, masikio yakalala, nikaona anaanza kuteremsha matako akae. Yarabi, moyo wangu! Nikasema leo tumepona. Kisha mwalimu akashindwa kustahimili, akashika kanzu kwa mikono miwili, akakimbia. Mbwa akamfikia mgongoni na tope lake lote, akamlamba shingo. Hata alipomaliza kuoga na kubadili nguo, msikitini mtu mwingine alikuwa ameshahutubu na watu wanatoka.

Jioni wazee wakaja. Hawakunigombeza, na afadhali wangenigombeza. Walisema tu mbwa yule asionekane Ijumaa nyingine, la sivyo atapigwa mkuki. Mavyaa aliendelea kukuna nazi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa akilinda nyumba ya Mzungu huko Diani. Akaja na kamba, akamchukua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, maana ningemwambia nani kuwa namlilia mbwa?

Nguruwe hawakukawia. Mihogo ilifukuliwa mpaka midogo isiyofaa kitu. Tukawa tunachemsha majani, na mavyaa, yule yule wa toba, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nenda kamwombe huyo Mzungu."

Nikaenda. Shemeji akanipitisha langoni, na hapo uani nikamwona. Amemwekea Mzungu miguu kifuani, anamlamba kidevu, na Mzungu anacheka, kamshika mikono ile ya mbele kama wanaocheza ngoma. Roho ilinishuka.

Shemeji akanong'ona, "Usijisumbue, shemeji. Huyu hamtoi."

"Ngoja," nikamwambia. "Mwambie mbwa ni wangu. Akiniona atanikimbilia, Mzungu atajionea mwenyewe."

Shemeji akamwambia. Mzungu akamwachia mbwa, akakunja mikono atazame. Nikamwita. Masikio yakasimama, akageuka, akaja mbio akitifua mchanga, nami machozi yananitoka kwa furaha. Nikafungua mikono. Nilikuwa nimevaa kanga yangu nzuri, sikujali. Nikajipiga kifua: "Nirukie! Nirukie, baba, leo nirukie!"

Alipofika karibu nami akasimama ghafla. Akaketi kitako, miguu yote chini, kimya, akanitazama. Nikajipiga kifua tena, nikamsihi tena. Hakuinuka.

Mzungu akasema neno, akaingia ndani. Nikamwuliza shemeji amesemaje.

"Amesema mbwa huyu hakujui."