Meza Ndani ya Ghala la Dawa

Nilitoka Kagongwa na fuso la mchele, kwa sababu dereva alikuwa ananifahamu na kiti cha mbele kilikuwa wazi. Kahama tulipita jua halijakaza. Masumbwe tulikunywa chai. Ushirombo tulisimamishwa na askari wa barabarani, na mbele kidogo tukasimamishwa na wenzake. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Nilipomwambia naenda ziwani, kwenye jineri ya zamani ya pamba nilikozaliwa, alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Jineri? Pale siku hizi ni bichi, bwana. Jumapili watu wa Geita mjini wanajaa kama kumbikumbi. Na wewe unakwenda kuogelea na begi lote hilo?"

"Nakwenda kuishi."

"Kuishi wapi? Kwenye kiti cha plastiki?"

Katoro akashusha mchele na mimi nikashuka nao. Nikalala gesti iliyo nyuma ya soko, bodaboda zikipiga honi chini ya dirisha kana kwamba kuna mtu aliyezikataza kunyamaza. Kesho yake nikapanda gari la Geita, na kutoka Geita nikachukua pikipiki kushuka ziwani. Safari ndefu kwa mtu anayekwenda kwao. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzunguka vya kutosha: Mwadui nililinda uzio wa mgodi, Kagongwa nikakoboa mpunga wa watu, na katikati ya hapo nikachimba, nikapika, nikauza viatu. Nilikuwa nimevuka arobaini, na vitu vyangu vyote vilienea kwenye begi moja.

Dada yangu ndiye aliyeniita. Mama alikufa mimi nikiwa bado sijaanza shule, na dada ndiye aliyenilea kwenye nyumba ya kota ambayo kampuni ya pamba ilimpa baba. Sasa waume na watoto walikuwa wamemwacha mmoja baada ya mwingine, amebaki yeye na kitinda mimba wake aliyekuwa chuo cha uuguzi. "Rudi nyumbani," aliniambia kwenye simu. "Nimepata kazi ya kupika hapa hapa. Chumba chako kipo. Tuzeeke pamoja." Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta. Sikwenda kutembea wala kushangaa. Nilitaka kuona kama bado nina kwetu.

Nilipofika nilitamani nirudi na pikipiki ile ile.

Baba alikuwa kwenye mashine ya kushindilia marobota. Pamba ilishindiliwa, ikafungwa kwa nyaya, ikasukumwa kwenye reli ndogo hadi gatini, na tishari likaibeba kwenda Mwanza. Mashine ile sasa ilikuwa kaunta ya baa. Walikuwa wameikwangua, wakaipaka rangi ya dhahabu, na kwenye kinywa chake, pale baba alipokuwa anaingiza mikono kwa hadhari, walipanga chupa za pombe kali. Gati lilikuwa limefungwa taa za rangi kama mti wa Krismasi. Chini yake maji yalikuwa ya kijani, mazito, na juu yake zilielea chupa za plastiki, nepi moja iliyovimba, na mifupa ya sato iliyotupwa na walioshiba. Wageni walikuwa wanaoga hatua chache kutoka pale na kurushiana maji usoni.

Mchanga wenyewe haukuwa wa pale. Uliletwa kwa malori ukamwagwa juu ya tope ambalo mashudu ya pamba yalioza miaka na miaka. Ukikanyaga kwa nguvu, tope la kijivu linapenya katikati ya vidole na kunuka kama tumbo la ng'ombe aliyepasuliwa jana.

Kilichonikera kuliko vyote wakati huo ni mizani. Ile mizani kubwa ya kupimia pamba, ambayo mbele yake niliona wazee wa vijijini wakivua kofia na kunyamaza huku kilo zao zikiliwa, ilikuwa imening'inizwa langoni na bembea chini yake. Watu walikuwa wanapimwa. Bibi harusi mmoja alipandishwa na gauni lake jeupe, mshereheshaji akatangaza uzito wake kwenye spika, na wajomba wa bwana harusi wakapiga kelele: "Huyo ongeza ng'ombe! Ongeza ng'ombe!" Bibi harusi alicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama acheke.

"Utazoea," dada aliniambia jioni ile. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia huku amenishika kichwa kwa mikono miwili, mikono iliyonuka kitunguu na mafuta ya kukaangia. "Mimi pia mwanzo nilikuwa natema mate kila nikipita. Sasa hata mate sina."

Meneja, kijana mnene mwenye miwani ya jua kichwani, aliposikia nimezaliwa pale alinipa kazi siku ile ile. Nivae fulana yenye picha ya ua la pamba, nizungushe wageni, nieleze historia. "Lakini historia nzuri, mzee. Watu wamekuja kupumzika." Nilikubali kwa ajili ya dada. Nikawazungusha. Hapa palikuwa na reli, hapa tishari lilitia nanga. Ukumbi wa kulia chakula nilitakiwa kusema ulikuwa nyumba ya Mzungu aliyejenga jineri. Sikubisha. Ukumbi ulikuwa na mlango mpya unaotazama ziwa, vigae, vioo ukutani na rangi ya maziwa. Niliuchukulia kuwa jengo jipya lililosogezwa karibu na magofu, na mimi mwenyewe nilikula humo ugali na sato siku nyingi.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha.

Nilikuwa mezani, mchana, mvua inapiga bati. Ukuta ulio nyuma yangu ukaanza kutoa jasho. Rangi ya maziwa ikatuna, ikapasuka kama lengelenge, na ndani yake ukatoka unga mweupe wenye maji. Ndipo harufu ikaja. Kitunguu saumu kilichooza, na chini yake kitu kikali kinachouma puani. Nilirudisha tonge sahanini. Nilikuwa sijaisikia harufu ile tangu utotoni, lakini mwili wangu uliijua kabla yangu.

Ukumbi ule ulikuwa ghala la dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Madumu yalipangwa humo hadi darini, mengine yanavuja, na sakafu ilikuwa inang'aa kwa maji yake. Hakuna mtoto wa kota aliyeruhusiwa kupita upande ule. Kuku waliodonoa penye mfereji wa nyuma walikufa miguu juu, na baba alituchapa mimi na dada kwa sababu tu tuliegemea ukuta kukwepa jua. Na sasa pale pale, kwenye vigae, familia moja kutoka Geita ilikuwa inamlisha mtoto wake ndizi za kukaanga.

Nilitapika nje, kwenye mvua. Kisha nikamfuata dada kwenye banda lake la kupikia, banda la mabati lililokuwa wazi pande tatu.

"Dada, ule ukumbi ni ghala la dawa."

Hakugeuka. Alikuwa anageuza samaki. "Nilijua siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Wamekwangua, wamepaka rangi."

"Rangi inatoka! Nenda kaone!"

"Mdogo wangu." Sasa aligeuka. "Mwanangu amebakiza kidogo amalize chuo. Mimi napikia hapa nje, upepo unapita. Humo ndani wanakaa wao. Kula, nyamaza, tuishi."

Sikuweza. Nilimwendea meneja nikamweleza kila kitu, madumu, kuku, mfereji. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Hata miwani aliivua kichwani. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kuna mgeni aliyesikia?"

Kesho yake meza zote zilitolewa zikapangwa chini ya miavuli ufukweni, na nikajiona nimefanya jambo la maana. Nikaenda kumwambia dada. Nilikuta banda la mabati linabomolewa ili kupanua maegesho ya magari. Vijana walikuwa wanabeba majiko, magunia ya unga na majokofu ya samaki kuelekea ndani ya ghala. Meneja alikuwa mlangoni anawaelekeza. Nafasi imepatikana, alisema, haiwezi kukaa bure.

Dada alipita mbele yangu na sufuria kichwani.

"Umeridhika?" akaniuliza, akaingia.

Nilimshika meneja mkono. "Umewatoa wageni halafu unamwingiza yeye?"

"Wageni wanalipa, mzee. Siwezi kuwahatarisha."

"Na dada yangu?"

"Dada yako hajalalamika." Akaita kwa sauti ndani: "Mama, kuna tatizo humo?"

Dada akajibu kutoka ndani: "Hakuna tatizo, bosi."

Siku zilizofuata nilimsihi aache. Nilimwambia twende Kagongwa, kuna mashine za mpunga, kuna vibarua, tutapanga chumba. Alikuwa anarudi jioni macho mekundu, anakohoa kikohozi kifupi kikavu, na nguo zake zilikuwa zimeshika ile harufu, imechanganyika na mafuta ya samaki. Nilikuwa naondoka mezani akikaa karibu. Aliona.

"Kagongwa nikale nini?" aliniambia mara ya mwisho nilipomsihi. "Wewe mwenyewe, toka umeondoka kwa baba, kila ukija una begi lile lile."

Nikafikiri: wakijua wageni, watakataa kula, na jiko litahamishwa. Jumapili likaja kundi la wanaume kutoka Katoro, wanunuzi wa dhahabu, cheni shingoni, na wasichana wao. Niliwazungusha kama kawaida. Tulipofika nyuma ya ghala nikasimama. Niliwaeleza lilikuwa nini, na kwamba chakula chao kinapikwa humo, sasa hivi, na aliyemo ni dada yangu. Niliwaonyesha ukuta.

Walisogea wakautazama. Kisha mmoja, mwenye tumbo limetangulia, akaninyooshea viganja vyake.

"Mzee, hii mikono inashika zebaki tangu nikiwa kijana. Naichoma na dhahabu kwenye kikaangio, na humo humo mke wangu anakaanga mayai. Utanitisha na dawa ya wadudu?"

Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Dawa inaua mdudu, sisi inatuponya!" Msichana mmoja akasimama kwenye ukuta uliotoka malengelenge, akapigwa picha amenyoosha midomo. Kisha yule mwenye tumbo akamwita mhudumu kwa kidole. "Tuletee sato. Wakubwa. Mwambie mpishi asibanie hiyo dawa yenu."

Walikula mbele yangu. Walinyonya vichwa, wakatema mifupa kwenye mchanga, mafuta yakachuruzika hadi kwenye viwiko. Sijawahi kuwachukia watu kwa namna walivyokuwa wanatafuna, ila siku ile.

Meneja alikuwa amekwisha kusikia. Hakupiga kelele. Alinifuata hadi mlango wa ghala, akamwita dada nje, na akasema naye, si nami: "Mama, chagua mtu mmoja wa ukoo huu abaki hapa. Ukisema abaki yeye, sawa. Ukisema ubaki wewe, sawa."

Dada alifuta mikono kwenye aproni. Macho yalikuwa yanamtiririka, lakini humo ndani yalitiririka siku zote.

"Vua fulana ya watu," aliniambia.

Niliivua. Meneja aliipokea kwa ncha za vidole, akaikunja. Nilibaki kifua wazi mbele ya jiko, na dada akanitazama kama alivyokuwa ananitazama akiniogesha, anatafuta nilipoumia.

"Nenda leo. Ukibaki hadi kesho nitaondoka nawe, na mtoto wangu atarudi nyumbani bila cheti. Usirudi hapa, mdogo wangu. Ukitaka kuniona, ngoja amalize, nitakuja mimi."

Nilichukua begi. Nikiwa juu ya pikipiki alitoka mbio na kifurushi cha karatasi ya foili, cha moto, akakisukuma mapajani mwangu. "Utakula njiani. Hujala tangu jana." Dereva akaondoa pikipiki.

Kwenye njia panda ya lami nilishuka kungoja gari la Katoro. Nilikuwa na njaa ya kweli. Nikafungua kifurushi: sato mzima, amekatwa mistari mbavuni, limau pembeni, na ugali ameubana kwa kiganja kwa namna aliyokuwa ananibania nikienda shule. Nilikaa nacho hadi gari lilipoonekana kwa mbali. Kisha nikakiweka ndani ya mtaro, nikakifukia kwa mchanga ili hata mbwa asikipate, nikamwomba mama muuza karanga maji, nikanawa mikono mara mbili.