Mvuke wa Picha

Mkaguzi wa mpango wa serikali wa kuwapa wanyonge maji ya moto ya jua hugonga mlango kwa funguo za gari, polepole, kama ndani kuna mgonjwa. Ni mtu wetu, wa nchi moja na sisi hapa ugenini. Huvua viatu mlangoni, soksi nyeupe pe. Tangi la mpango huo liko juu ya paa la ghorofa letu mtaa wa Albert Park tangu Pasaka, halijaunganishwa na nyumba hata moja. Jana kwa mama Yvette aligusa maji ya bomba, akayakuta baridi, akafuta kidole kwa leso, akalionyesha bomba: “Maman, chemsha mayi, umwange hapa chini ya robinet, mvuke ionekane ku foto.” Mama Yvette akachemsha kwa umeme aliobakiza wa kupikia jioni. Foto ya ripoti ikapigwa. Unadhani aliona haya? Wapi! Kwa maji yaliyobaki kwenye birika aliomba chai.